Kutafuta uvujaji kwa heliamu: kupulizia au kunusa?

Ukipulizia, chombo huvutwa hewa na kuunganishwa na kipima uvujaji, kisha heliamu hupitishwa nje kidogo kidogo, kuanzia juu kwa kuwa gesi hii hupanda. Kifaa kizuri hugundua uvujaji mdogo hadi 10⁻¹² mbar·l/s (kipimo cha gesi inayovuja kila sekunde). Ila usizubae kwenye oringi ya mpira (pete ya kuziba maungio): baada ya dakika chache heliamu hupenya mpira wenyewe, kipimo kikapanda polepole, ukabaki kusaka tundu lisilokuwepo. Tundu la kweli huonekana ghafla.

Kunusa ni kinyume: heliamu ndani kwa shinikizo, pua ya kifaa nje, milimita moja hivi juu ya weldi, mwendo wa taratibu. Hewa ina heliamu 5 kwa milioni, hivyo kugundua uvujaji chini ya 10⁻⁷ mbar·l/s ni kazi ngumu. Bomba lisilohimili ombwe (kuvutwa hewa), nusa, vinginevyo, pulizia.