Big Pit, Wales: siku niliyomrudisha baba yangu mgodini

Kabla hatujashuka walichukua simu zetu zote. Wakachukua na saa za mkononi, ufunguo wa gari wa kubonyeza, na kitochi kidogo ambacho mwanangu alikuwa amekificha mfukoni. Chochote chenye betri au kinachoweza kutoa cheche hakishuki. Baba hapendi kuvua saa yake, maana alinunuliwa na marehemu mama, na nikajiandaa kumbembeleza. Alipotafsiriwa sababu, kwamba kwenye makaa ya mawe hutoka gesi ya methani na cheche moja tu inatosha kuilipua, aliivua akaikabidhi mwenyewe. "Hewa ya chini haina mzaha," akaniambia.

Baba yangu alichimba dhahabu Nyarugusu, kule Geita, tangu akiwa kijana hadi mgongo ulipomkataza. Mwaka huu amekuja kutuona hapa Bristol, na nikawa natafuta mahali patakapomfaa mzee wa miaka 69 na wajukuu wake wa miaka 11 na 7 kwa siku moja. Tumeshawapeleka watoto kwenye bustani za wanyama na viwanja vya michezo, ambako Babu hukaa kwenye benchi akishika makoti. Safari hii nilitaka Babu ndiye awe mwenye kujua.

Big Pit ipo Blaenavon, kusini mwa Wales, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka kwetu. Mji wenyewe uko mlimani na upepo wake unapenya hadi kwenye mifupa, kwa hiyo hata kama ni kiangazi bebeni masweta. Kwa Kiwelisi mgodi unaitwa Pwll Mawr, yaani Shimo Kubwa, na ndivyo wanangu wanavyouita mpaka leo. Ukubwa unaosemwa ni wa mdomo wake. Ulichimbwa mwaka 1860 kwa umbo la yai, mita 5.5 kwa 4 hivi, na kwa Wales ulikuwa wa kwanza kutosha njia mbili za mabehewa kwa pamoja. Mwaka 1908 watu 1,122 walikuwa wakila kwa jasho la shimo hilo. Ulifungwa Februari 1980, ukafunguliwa kwa wageni 1983, na mwaka 2000 eneo lote la Blaenavon likaingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Sasa ni sehemu ya makumbusho ya taifa ya Wales.

Kuingia kwenye makumbusho ni bure, ila maegesho ya gari unalipia. Kwa ziara ya chini ya ardhi, angalia tovuti yao kabla hujatoka nyumbani ujue bei na utaratibu wa nafasi. Nendeni asubuhi. Kuna sharti moja ambalo wazazi lazima walijue: mtoto ambaye hajafika mita moja kwa kimo hashuki. Wangu walipita wote, lakini mbele yetu kulikuwa na mama aliyelazimika kubaki juu na mtoto wake mdogo huku mumewe akishuka na mkubwa.

Unavalishwa kofia ngumu yenye taa, na mkanda mzito kiunoni. Upande mmoja wa mkanda kuna betri ya taa, upande mwingine kuna kikopo cha chuma cha kupumulia endapo hewa itachafuka. Vyote kwa pamoja vina uzito wa kama kilo tano. Binti yangu mkanda ulimteleza hadi kwenye mapaja, ikabidi Babu aufunge upya, na nikaona jinsi alivyoufunga: akaukaza, akauvuta mara mbili kuupima, kisha akaligeuza betri likae nyuma lisimpige mtoto nyonga anapoinama. Mwongozaji wetu alikuwa akimtazama. "Ameshawahi kufanya kazi chini," akaniambia. Hakuuliza.

Hapo ndipo penye thamani ya mahali hapa, na ndiyo sababu ninaandika. Waongozaji wa Big Pit wamekuwa wachimbaji wenyewe. Wetu aliingia mgodini akiwa na miaka 16, mgodi mwingine wa bonde la jirani, akafanya kazi huko mpaka ukafungwa. Hasomi karatasi. Akikuambia hapa dari lilikuwa likilia kabla ya kushuka, anakuigizia ule mlio kwa mdomo, na watoto wanaelewa.

Kizimba cha chuma kinakushusha mita 90. Maji yanadondoka ukutani, ubaridi unapanda kutoka miguuni, na mwanga wa juu unakuwa mdogo mpaka unapotea. Mwanangu alinishika mkono, jambo ambalo siku hizi hanifanyii mbele za watu. Chini unatembea kama dakika 50 kwenye njia halisi za mgodi. Dari ni la chini mahali pengi, na mtu mrefu kama mume wangu alitembea ameinama karibu muda wote. Ardhi ina mabonde na mteremko, kwa hiyo mwenye magoti mabovu ajipime. Mwenye kiti cha magurudumu awasiliane nao mapema wampangie.

Baba alisimama kwenye nguzo ya kwanza. Akaipapasa, akapiga kwa fundo la kidole, akatega sikio. Kwetu nguzo hizo za mbao tunaziita matimba, na Baba aliwahi kumpoteza mwenzake ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, kwa sababu matimba yalipungua kwa ubahili wa mwenye shimo. Aliniambia nimuulize mwongozaji kwa nini wazungu hawa walipenda mti na chuma walikuwa nacho. Jibu likaja bila kufikiri: mti unasema. Chuma hujikunja kimya kimya, lakini mti ukianza kuelemewa hulia, na mtu anapata nafasi ya kukimbia. Nilipomtafsiria, Baba alicheka hadi machozi yakamtoka. "Mwambie hata kwetu ni hivyo hivyo." Kuanzia hapo wale wazee wawili walikuwa wanaelewana kwa mikono, mimi nikatafsiri nilichoweza.

Kisha tukafika kwenye mlango. Ni mlango wa mbao wa kawaida kabisa, umeziba njia kutoka ukuta hadi ukuta. Kazi yake ni kuongoza hewa: ukikaa wazi, hewa safi hupita njia fupi na walio mbali wanakosa, gesi inajikusanya. Kwa hiyo ilibidi kuwe na mtu wa kuufungua behewa likija na kuufunga likishapita. Mtu huyo alikuwa mtoto. Wengine walikuwa na miaka sita au saba, wakikaa hapo saa kumi na mbili kwa siku, wameshika kamba, na gizani, kwa sababu mshumaa ulikuwa gharama ya familia. Sheria ya mwaka 1842 ndiyo iliyokataza wanawake, wasichana, na wavulana chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi.

Mwongozaji akamwomba binti yangu asimame pale mlangoni, ashike kamba. Halafu akatuambia sote tuzime taa.

Nimekulia kijijini bila umeme na nilidhani giza nalijua. Giza la kijijini lina nyota, lina jiko la jirani, lina mbwa anayebweka ukajua nyumba iko wapi. Hili halina kitu. Niliinua mkono mbele ya uso wangu nikauhisi joto lake puani bila kuuona. Nilisikia tone la maji, halafu nikasikia sauti ndogo ya binti yangu upande wa mlango: "Babu, upo?" Baba akajibu, "Nipo, mama, nipo hapa." Taa zilipowashwa alikuwa bado ameshika kamba kwa mikono miwili.

Pale Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti huko kwetu Tanzania, watoto waliokuwa wakipenyezwa kwenye matundu membamba waliitwa nyoka. Niliwaeleza wanangu hilo baadaye kwenye gari, kwa sababu sikutaka waondoke wakidhani ni mambo ya Waingereza wa zamani tu.

Kuna pia mazizi ya farasi huko chini, na vibao vya majina yao bado viko ukutani. Farasi waliishi humo mwaka mzima, wakipandishwa juu wakati wa likizo ya wachimbaji pekee. Watoto walikaa hapo kuliko mahali pengine popote, wakisoma jina moja baada ya jingine.

Mkirudi juu msikimbilie gari. Jengo la mabafu, lililofunguliwa mwaka 1939, lina makabati ya nguo safi upande mmoja na ya nguo za kazi upande mwingine, na maonyesho kuhusu maisha ya familia. Kabla ya mabafu hayo mwanamume alirudi nyumbani mweusi tii, na mke ndiye aliyechemsha maji, akajaza karai la bati mbele ya moto, akasugua, akafua, akikausha matope ya mume na ya wana wake kwa zamu tofauti. Nilikaa muda mrefu mbele ya picha za wanawake hao. Mama yangu alikuwa akikung'uta vumbi la Nyarugusu kwenye suruali za Baba kila Jumamosi. Kuna pia ukuta wa kumbukumbu za ajali. Ule mlipuko wa Senghenydd wa Oktoba 1913 uliua wachimbaji 439 kwa siku moja, katika bonde ambalo kwa gari si mbali na hapo.

Kwa wadogo walioshindwa kushuka kuna njia ya maonyesho ya juu, yenye sauti za mashine na milipuko. Ni nzuri, lakini ina kelele, na mtoto mwoga anaweza kulia. Mkahawa uko kwenye kantini ya zamani ya wachimbaji. Tulikula chipsi, tukapata chai moto, tukaridhika.

Chini hairuhusiwi kupiga picha, kwa hiyo sina picha ya jambo nililotaka kulihifadhi zaidi ya yote. Tulipokuwa tunarudisha mikanda, mwongozaji alimwonyesha Baba mgongo wa mkono wake. Una alama za rangi ya buluu, kama chanjo. Ni vumbi la makaa lililoingia kwenye michubuko na ngozi ikafunga juu yake, halitoki tena. Baba akaukunjua mkono wake wa kushoto, wenye kidole kilichopondwa na nyundo akishikilia moko, ile patasi ya kupasulia mwamba. Wakalinganisha, kimya, kama watu wanaolinganisha mbegu. Kisha Baba akavaa saa yake, akaniuliza kama tunaweza kurudi tena kabla hajaondoka, maana kuna swali la maji amesahau kuuliza: walikuwa wanayatoaje wakati wa mvua.

Tumeshapanga Jumamosi ijayo.