Kliniki ya fiziotherapia Sinza Mori: nyota nne
Nyota ya tano nimeibana kwa sababu ya ngazi. Nitazifikia.

Mimi ni MC wa harusi, uso na mdomo ndiyo ofisi yangu. Mkanda wa jeshi ulinitokea sikioni: maumivu ya kuchoma, malengelenge ndani ya sikio la kulia, kisha uso upande huohuo ukapooza. Mtaani wakasema stroki, shangazi akasema jini. Daktari akaniambia nikunje paji la uso. Kulia hakukujikunja hata mstari mmoja. Kwenye stroki paji kwa kawaida hukunjika bado, kwa hiyo kilichoumia ni mshipa wa fahamu wa uso wenyewe. Mkanda wa jeshi huletwa na virusi vya tetekuwanga, navyo haviondoki mwilini ukipona. Hulala kwenye mishipa ya fahamu, na miaka mingi baadaye vinaweza kuamka, mshipa ukavimba ndani ya njia yake nyembamba ya mfupa. Nikapewa dawa za virusi na prednisolone ya kupunguza uvimbe siku hiyohiyo, nikapimwa VVU pia, nikaelekezwa Sinza.

Nilitegemea kuwekewa mashine za umeme. Wapi! Dada wa fizio alinipa kioo cha mkononi, akaanza na jicho: lisipofumba hukauka na kuchubuka, kwa hiyo matone ya macho mchana, dawa ya mafuta ya macho na plasta ya kulifunga usiku. Ndipo tukaja kwenye midomo. "Sema mabibi na mabwana." Kila B ilinitoka na upepo pembeni, na mate juu. Anakushika shavu kwa vidole viwili, anakuambia utabasamu kidogo, polepole. Ukilazimisha anakusimamisha, maana nyuzi za mshipa zikiota upya huweza kupotea njia, ukawa unatabasamu huku jicho linafumba. Kuna jamaa alishauriwa mtaani atafune bablishi kutwa nzima. Alikatazwa mbele yetu sote.

Nilichopenda zaidi, hawauzi matumaini. Aliniambia waziwazi kwamba ugonjwa huu ukianzia sikioni, wapo wanaobaki na kasoro kidogo. Mabibi na mabwana wamerudi, kupiga mluzi bado.

Sasa ngazi. Kliniki iko ghorofa ya pili, lifti hakuna, na mshipa wa usawa uko jirani kabisa na ule wa uso, kwa hiyo wengi wetu tunafika na kizunguzungu. Nenda na mtu wa kukushika mkono. Kipindi ni shilingi 30,000, bima hawapokei, unalipa kwa simu. Jumamosi usijisumbue, kunajaa.