Saksafoni mbili za alto: uzoefu wangu na albamu ya Kinsmen

Muziki unaouzwa kwa jina la "mchanganyiko" huwa naukwepa. Mara nyingi ni jazi ile ile, ila tabla inagongwagongwa kwa mbali ili mnunuzi aone Uhindi umo. Ndiyo maana nilichelewa kuinunua Kinsmen ya Rudresh Mahanthappa, iliyotoka 2008. Sasa haitoki kwenye simu yangu.

Mahanthappa ni Mmarekani wa asili ya India aliyelelewa Boulder, Colorado, mtunzi na mpigaji wa saksafoni ya alto. Akiwa mwanafunzi wa muziki, nduguye alimpa kwa utani albamu ya Kadri Gopalnath, bwana mmoja wa Karnataka aliyekuwa akipiga alto hiyo hiyo, lakini kwa muziki wa Karnatiki, ule wa jadi wa kusini mwa India. Miaka ikapita, wakaingia studio pamoja, na hapo ndipo ilipotoka Kinsmen.

Huyu Gopalnath ndiye aliyeniuzia albamu. Baba yake alipiga nadaswaram, ile nzumari ndefu ya mahekaluni, na mwenyewe alinaswa na saksafoni alipoisikia bendi ya kasri la Mysore. Sasa fikiria kazi aliyojitwika. Vibonye vya saksafoni vimepangwa kutoa sauti za Kizungu, kila moja mahali pake, ilhali Karnatiki inaishi kwenye gamaka, yaani kuitikisa sauti na kuteleza kutoka moja hadi nyingine. Yeye anateleza kwa midomo na vidole mpaka unasahau kama kuna vibonye. Mahanthappa ni kinyume chake: anarukaruka, makali, mwenye haraka ya New York. Mwanzoni nilikuwa nawatofautisha kwa hilo tu. Kisha wanapokimbizana, kila mmoja anaanza kudokoa tabia za mwenzake, na hapo raha ndipo ilipo.

Waliobaki si wasindikizaji. Kuna fidla ya A. Kanyakumari, mridangam (ngoma ya Karnatiki yenye ngozi pande mbili) ya Poovalur Sriji, gita la Rez Abbasi mzaliwa wa Karachi, besi ya Carlo De Rosa, na dramu za Royal Hartigan, mtu aliyesomea ngoma za Ghana. Baina ya nyimbo ndefu kuna alapu fupi, mpigaji mmoja akiinyoosha raga, yaani mpangilio wa sauti ambao wimbo unajengwa juu yake, bila mdundo. Besi kupewa alapu! Hilo sikulitarajia, na nimelipenda kuliko nilivyodhani.

Kwa sisi tuliokulia Mombasa na taarabu ya Juma Bhalo, Uhindi si mgeni masikioni. Ila ule ulitoka kwenye filamu za Bombay, na ulikuwa na maneno ya kuimba nao. Hapa hakuna anayeimba. Kama unataka cha kuwekea wageni wakila biriani, pesa yako itakuuma.

Lawama yangu ni moja: mridangam na dramu zikichacha pamoja, fidla inazama, na ni hasara kwa fidla ya namna ile. Pia usiisikilize kwa spika ya simu, maana mridangam inakuwa kama mtu anagonga meza. Weka hedifoni, na usiruhusu programu ichanganye mpangilio, kwa sababu alapu inaandaa wimbo unaofuata. Mgeni aanze na "Kalyani". Raga yenyewe ni maarufu na sikio linaishika upesi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ukinogewa, mtafute Gopalnath katika rekodi zake za Karnatiki tupu. Alifariki 2019 na ameacha nyingi. Mahanthappa naye ana Gamak ya 2013, akiwa na mpiga gita David Fiuczynski. Hiyo ni kali zaidi, gita linapinda sauti kuliko saksafoni yenyewe, na bado sijaamua kama naipenda.