Fulu Miziki klabuni: simama wapi, sikiliza nini

Fulu Miziki wa Kinshasa nimewaona kwenye klabu ya kuchukua watu mia tatu hivi. Nawapa nyota nne na nusu, na hiyo nusu iliyopungua haiwahusu wao bali mitambo ya ukumbi.

Jina lao kwa Kilingala ni muziki wa takataka, na ndivyo ulivyo. Kundi hili lililoanzishwa na Pisko Crane huunda vyombo kwa vitu vilivyotupwa: madumu, vyuma, mabomba ya plastiki. Vinyago na mavazi hutoka jalala hilohilo, na ni vya kutisha kwa uzuri. Vitazame nyimbo mbili tatu, ushibe, kisha hamishia macho kwenye mabomba.

Hapo ndipo penye utamu. Mabomba yana urefu tofauti, na mpigaji huyachapa mdomoni kwa ndala. Kinacholia ni hewa ya ndani: bomba likirefushwa mara mbili, noti inashuka kama oktavu nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini. Ndala haikuwekwa kwa kuchekesha. Soli yake laini hufunika mdomo wote kwa mpigo mmoja na kuisukuma hewa. Ukipiga kwa ubao utasikia zaidi plastiki ikigongwa.

Sasa kasoro. Sauti ya bomba ni ndogo mbele ya madumu, hivyo maikrofoni zake hupandishwa sana. Zikipandishwa, zinanasa sauti ya spika za jukwaani, zile za wanamuziki kujisikilizia, na mluzi unaanza. Usiku ule fundi mitambo aliukimbia mluzi kwa kuishusha sauti ya mabomba, na nyimbo mbili za mwanzo zikakosa besi kabisa. Madumu yakabaki yakigombana peke yao. Dawa ilikuwa kupunguza sauti ya spika za jukwaani. Zilipopunguzwa, wimbo wa tatu ukaingia hadi tumboni, na ukumbi mzima ukacheza.

Sauti ya mwimbaji aliye ndani ya kinyago nayo hufifia, hata kwa anayejua Kilingala. Fuata mdundo tu.

Usibanane mbele kabisa muda wote: spika kubwa zinakupita pembeni, unabaki na kelele za jukwaani. Nenda mbele kwa wimbo mmoja uone ndala zinavyofanya kazi, kisha rudi katikati, hatua chache mbele ya meza ya fundi mitambo. Vaa viatu vya kufunga, maana hapakaliki. Beba na vizibo vya masikio: kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kwa kumbi kama hizi ni wastani usiozidi desibeli 100 ndani ya dakika 15, na klabu ndogo yenye dari fupi huweza kukivuka.

Rekodi yao Ngbaka, ya mwaka 2022, inafaa kusikilizwa kabla. Ila haikuonyeshi ndala, na kwa ajili ya ndala ningelipa kiingilio tena.