Muvi zilizotafsiriwa kwenye flashi: uzoefu wangu hapa Mbeya

Huduma ninayoizungumzia, ya kuingiziwa muvi kwenye flashi, haina tovuti wala namba ya huduma kwa wateja. Ni kijana mwenye kompyuta, spika mbili zinazopiga kelele kutwa nzima, mabango ya filamu yaliyopauka kwa jua, na ubao ulioandikwa kwa mkono: "Tunaingiza muvi, sizoni na nyimbo." Ukitembea kutoka Kabwe kwenda Mwanjelwa hutakosa kukutana na duka la aina hiyo. Unampa flashi, unamtajia unachotaka, naye anakuuliza: "Kaka, iliyotafsiriwa au ya kawaida?"

Iliyotafsiriwa ni ile ambayo mtu ameiwekea sauti yake ya Kiswahili juu. Nyumbani kwetu Uyole swali hilo lina jibu moja. Tukiwa na shangazi aliyetoka Tukuyu kuja kukaa nasi, ya kawaida haipandi kwenye televisheni. Maandishi ya chini hayataki, na Kiingereza hana shughuli nacho. Anataka asikie mtu anaongea.

Bei kwanza. Mimi hulipa shilingi 500 kwa muvi moja, na sizoni nzima 1,000 hadi 2,000 kutegemea urefu wake na tunavyojuana na mwenye duka. Sasa linganisha na bando la kuangalia mtandaoni. Netflix, ambayo imefika nchi nyingi pamoja na hii yetu tangu Januari 2016, yenyewe inasema saa moja ya picha ya kawaida inaweza kula hadi GB 1, na picha ya HD hadi GB 3. Sizoni ya Kikorea yenye vipande 16 vya saa mojamoja ni GB 16 kwa picha ya kawaida, na hapo hujalipia ada ya mwezi. Flashi ya GB 32 inaibeba sizoni hiyo na nafasi inabaki. Na shangazi akitaka kurudia kipande cha harusi mara ya tatu, harusi hiyo haili bando lolote.

Ubora wa picha unategemea bahati yako. Filamu ambayo ndiyo kwanza imetoka nje, iogope. Mara nyingi imerekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema, picha imelala upande, na katikati ya mapigano unaona kichwa cha mtu anayekwenda chooni. Mwambie kijana akufungulie dakika moja uione kabla hajaanza kuiingiza. Hawakatai.

Kuna na kero ya flashi yenyewe, ambayo watu hugombana na wenye maduka bila sababu. Televisheni nyingi za bei ya kawaida husoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja lenye ukubwa unaozidi GB 4. Kijana akiibadilisha kuwa exFAT ili faili kubwa liingie, unafika nyumbani televisheni inakuambia haioni kitu. Nyingine ni ile ya sauti kusikika huku kioo ni cheusi. Hapo filamu imebanwa kwa mtindo wa H.265, na televisheni ya zamani haiwezi kuufungua. Dawa ni kumtajia mapema kwamba televisheni yako ni ya zamani, akuchagulie faili la H.264. Halafu flashi yenye vyeti vyako au barua za ofisini usiipeleke kabisa. Kompyuta zile hupokea flashi za mji mzima, na virusi vya kugeuza mafoda kuwa shotikati vinapenda sana mikusanyiko.

Lakini hayo yote ni vifaa. Kinachotufanya turudi dukani ni mtafsiri. Mtu mmoja, maikrofoni moja, ndiye mfalme, ndiye mama mkwe, ndiye mtumishi anayesikiliza mlangoni. Mtindo huu Uganda waliuanza mapema, na kwetu jina lililovuma ni Lufufu wa Dar es Salaam, yaani Derek Mukandala, tangu enzi za kanda za VHS. Waliomfuata ni wengi, na kila mmoja ana vikorombwezo vyake.

Juzi hapa tulikuwa na sizoni ya kasri ya kifalme. Malkia kaletewa kikombe, na sisi watazamaji tunajua kina sumu. Kwenye filamu pale pamekaa kimya, hata muziki hakuna. Mtafsiri akashindwa kuvumilia. Akashusha sauti: "Dada, usinywe hiyo. Dada, hebu muulize kwanza aliyekuletea." Shangazi akadakia, "Si ndiyo!" Wakaendelea hivyo wawili, yeye na mtu aliyerekodi sauti yake sijui lini na wapi, mpaka kikombe kikamwagika. Aliyetengeneza filamu aliutaka ule ukimya, bila shaka, na mtu wa sinema atasema kauharibu. Mimi nilikuwa pale sebuleni, na nasema hakuna aliyeukumbuka.

Kwenye hadithi yenye mkasa mgumu kufuata mambo hubadilika. Tuliwahi kuchukua ya mawakili. Wanasheria wawili wamesimama mbele ya jaji, wanatupiana hoja karibu dakika tano nzima, na mtafsiri kafupisha hivi: "Wanabishana pale, wanabishana, jamaa kakasirika." Sasa kesi nzima ilikuwa kwenye mabishano hayo! Kwa hiyo ukitaka za mahakama, za kijasusi au za sayansi, chukua ya kawaida ujisomee. Zilizotafsiriwa zinafaa mapenzi, visasi, falme na ngumi.

Kero yangu kubwa ni kubadilishiwa mtafsiri katikati. Vipande vinane vya mwanzo anaongea mmoja, cha tisa anaingia mwingine mwenye sauti nyembamba, na majina yanabadilika. Yule tuliyezoea kumwita Komredi sasa anaitwa Bosi Mdogo. Shangazi alimsikiliza kidogo akaniuliza, "Baba, yule kijana wetu anaumwa?" Nikarudi kwa mwenye duka, akasema yeye hupokea kama zinavyokuja.

Na zinakujaje? Hapo ndipo pananisumbua. Mtafsiri anarekodi, nakala inatoka, na baada ya muda mfupi iko kwenye kompyuta za watu asiowajua. Shilingi 500 yangu inabaki dukani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani ainakili na nani aitafsiri, na COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo. Mwaka 2013 ikaletwa stempu ya kodi ya TRA kwenye kanda na CD za filamu na muziki, ila flashi haina mahali pa kubandikwa stempu. Mkorea halipwi, hilo linajulikana. Mtafsiri, ambaye ndiye hasa tunayemnunua, sidhani kama na yeye anaonja chochote cha duka hili, ndiyo maana kila baada ya muda anakatiza mapenzi ya watu kutaja jina la studio yake. Zamani nilikuwa naona anatuchosha. Siku hizi namuachia atangaze.

Filamu za Bongo siingizi kwa njia hii. Waigizaji wetu nawaona wakilalamika kwa Kiswahili ninachokielewa, na hilo linanitosha kuona aibu. Kwamba aibu yangu inaishia mpakani ni kweli, na sina maelezo mazuri.

Kuna watu wananiambia biashara hii itakufa kwa akili mnemba. YouTube mwishoni mwa 2024 ilipanua huduma ya kuzipa video sauti za lugha nyingine kwa mashine, ikaanza na lugha kama Kifaransa, Kihindi, Kireno na Kihispania. Kiswahili hakikuwa kwenye orodha ya mwanzo. Kitaingia tu. Mashine itamfasiri wakili neno kwa neno, na kwa kesi ile ya mabishano nitaishukuru. Ila kwenye kikombe cha malkia itanyamaza, maana pale hapana neno la kufasiriwa.

Kama una waya wa intaneti nyumbani na kila mtu anasoma maandishi ya chini, huduma hii huihitaji. Kama una mzee sebuleni, nenda. Ukifika uliza mambo mawili kabla ya kutoa hela: sizoni imeisha, au mnangoja vipande vingine? Na je, mtafsiri ni yuleyule mpaka mwisho?