Kisanduku cha diski ndani ya nyumba ya mawe, Mji wa Kale: uzoefu wangu

Kama unafikiria kununua kile kisanduku cha diski kinachochomekwa kwenye ruta ili nyumba nzima isome faili mahali pamoja, yangu ni haya: kisanduku ni kizuri, lakini pesa za kwanza zipeleke kwenye waya. Changu nimekitumia tangu kabla ya Ramadhani iliyopita na sasa sikiachi. Jina la kampuni sitalitaja, maana haya ninayoyaeleza yatakukuta karibu na kisanduku chochote cha bei ya kati.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi, hasa za upande wa wanawake. Anayeijua Mombasa anajua sherehe ya kupamba bibi harusi ilivyo: wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, simu zinazuiwa mlangoni. Wenye harusi wananipa kazi kwa sharti moja, kwamba picha zile haziendi kuonwa na asiyehusika. Kwa hivyo sizipandishi kwenye hifadhi za mtandaoni, hata kama ni za bure. Hata tukiacha heshima ya watu, iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mimi sina hamu ya kuisoma nikiwa upande wa mshtakiwa. Zamani tulikuwa tukibebana na diski za mkononi, mimi nahariri chini, binti ya khalati yangu anahariri ghorofa ya juu, na kila mmoja ana nakala yake ya faili ile ile. Ipi ndiyo ya mwisho? Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa ukianzia.

Kisanduku nilikinunua Barabara ya Digo. Kina nafasi mbili za diski na tundu moja la waya la gigabiti, yaani la kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde. Bei yake kikiwa kitupu ilikaribia ya laptopu ya mtumba, na diski unanunua kando. Nilitia mbili za TB 4, moja ikinakili nyingine, kwa hiyo nafasi unayopata ni TB 4, wala usidanganywe kuwa ni 8. Tulikiweka juu, kwenye ruta ya pili, kwa sababu huko kuna hewa.

Binti ya khalati akakiona papo hapo. Mimi chini, hakuna kitu. Kijana wa dukani alipokuja kutazama akasema mtandao wetu ni mdogo, tulipie kifurushi kikubwa zaidi. Ushauri huu utausikia mji mzima, na kwa tatizo kama hili hauna maana. Faili ikitoka chumba kimoja kwenda kingine haipiti kwenye intaneti. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Zikikatika zote leo, faili yangu itapanda ngazi vile vile. Nilimwonyesha kwa kuchomoa waya wa kampuni ya intaneti: kule juu kazi ikaendelea kama hakuna lililotokea.

Jawabu lilipatikana kwa amri moja. Kwenye Windows unafungua kile kidirisha cheusi, unaandika ipconfig, unasoma anwani ya IPv4, ile namba ya kompyuta yako kwenye mtandao. Yangu ilianza na 192.168.1, ya juu ilianza na 192.168.0. Nyumba moja, mitandao miwili. Ruta ya kampuni iko chini. Ile ya pili ilipandishwa juu miaka ya nyuma ili kuongeza waifai, na waya wake ukatiwa kwenye lile tundu la intaneti, la WAN. Ikitiwa hivyo, ruta inakuwa bawabu wa upande mmoja: wa juu anatoka kwenda chini, wa chini akibisha hafunguliwi. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili na kuigeuza iwe kituo cha waifai tu, bila kugawa anwani. Kama haina chaguo hilo, zima DHCP, ndiyo huduma ya kugawa anwani, ipe ruta hiyo anwani ambayo haigongani na ya ruta ya kwanza, kisha hamisha waya kutoka tundu la WAN uutie kwenye moja ya matundu ya kawaida. Baada ya hapo anwani zote zilianza na 192.168.1, na kisanduku kikatokea chini. Ukiona kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, hilo ni jambo jingine: haijapewa anwani na ruta yoyote, anza kukagua waya.

Kutokea si kufunguka. Laptopu yangu ilikuwa imeuandikisha mtandao wa nyumbani kuwa wa umma, kama wa mkahawani, na ikiwa hivyo Windows inajificha na haitafuti wenzake. Hilo ni la kubofya tu, unaugeuza kuwa wa binafsi. Kisha nikakuta ujumbe kwamba sera za usalama za shirika langu zinamzuia mgeni asiyejitambulisha. Shirika gani? Niko sebuleni kwangu na kikombe cha chai! Ila ukiuelewa, ujumbe una haki. Windows 11 Pro, tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, haikubali tena kuingia kwenye folda bila jina na nenosiri, na kisanduku changu kilikuja na folda moja iliyo wazi kwa kila mtu.

Hapa mafundi wengi watakwambia ulegeze Windows, au urudishe SMB ya kwanza, ile lugha kongwe ya kushirikiana faili. Mwambie akuachie kompyuta yako. Virusi vya WannaCry vilivyofunga hospitali za Uingereza mwezi Mei 2017 viliingilia kwenye kasoro ya SMB hiyo hiyo, na Microsoft wakaacha kuiweka kwenye Windows mpya kuanzia mwaka huo. Mimi nilikwenda upande wa pili: ndani ya kisanduku nikamfungulia kila mtu akaunti yake, folda ya wazi nikaifuta, na folda ya harusi ikabaki ya watu wawili. Kama Windows inakataa nenosiri ambalo una hakika nalo, nenda kwenye hifadhi yake ya manenosiri ufute lile la zamani. Huwa inalikumbuka na kulituma bila kukuuliza.

Sasa lile lililonishtua. Jioni moja mamangu aliwasha televisheni, akatafuta cha kutazama, kwenye orodha akaona jina geni akalibonyeza. Picha ndogo ndogo za kupamba zikajipanga kwenye kioo, bibi harusi na mashoga zake, moja baada ya nyingine. Nikasikia kutoka sebuleni, "Mwanangu, huyu bibi harusi ni wa nani?" Alhamdulillahi alikuwa peke yake. Ndugu zangu wa kiume hula chakula cha usiku chumba kile kile.

Nenosiri nilikuwa nimeweka, folda nilikuwa nimefunga. Kumbe kisanduku kinakuja na huduma ya kurushia video kwenye televisheni, DLNA, na kwenye changu ilikuwa imewashwa tangu kiwandani na imepewa folda ya video. DLNA haimuulizi mtu yeye ni nani: chombo chochote kilicho kwenye mtandao wa nyumba kinapata orodha, na zile akaunti ulizohangaika kuzifungua hazihusiki. Kwa anayehifadhi katuni za watoto, ni raha. Kwa kazi yangu ni balaa, na kwenye kijitabu cha maelekezo ilitajwa kama sifa. Nimeizima kabisa. Ukinunua chochote cha aina hii, kabla hujatia faili hata moja, pitia orodha ya huduma zinazoendelea na uzime usiyoijua.

Na usikubali kukifungulia njia kutoka nje, hata programu yake ya simu ikubembeleze vipi. Mwanzoni mwa 2022 visanduku vya kampuni ya QNAP vilivyokuwa wazi kwenye intaneti vilivamiwa na programu ya DeadBolt, watu wakakuta faili zao zimefungwa na wanadaiwa fidia.

Turudi kwenye waya, ule unaotoka ruta ya chini kwenda ya juu. Kila kitu kikifunguka, kasi ikawa ya kukatisha tamaa: MB 11 kwa sekunde, haipandi wala haishuki. Nambari hiyo ikigota hapo hapo, jua waya unapita kwa megabiti 100 kwa sekunde na si gigabiti (megabiti nane ndizo MB moja). Nikamwita kijana mmoja anayefunga nyaya za kamera, akachomeka kipimo chake ncha zote mbili, akasema, "Dada, hebu tazama taa." Ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita zinawaka. Ya nne, ya tano, ya saba na ya nane, kimya. Megabiti 100 zinahitaji nyuzi nne tu, na ni zile zile zilizokuwa zinawaka. Gigabiti inazitaka zote nane, na vifaa vingi vikizikosa hujishusha bila kukuambia. Akaikata ile plagi akanipa niitazame kwenye mwanga: meno manane ya rangi ya dhahabu, mawili yameota ukijani. Huku kwetu hewa ya bahari haina huruma. Kisha akaukwangua uzi mmoja kwa wembe. Juu shaba, ndani nyeupe. Waya wa alumini iliyopakwa shaba, ule wa bei rahisi.

Tulivuta waya wa mtandao wa aina ya Cat6, wa shaba tupu, tukaupitisha pembeni mwa boriti kwenye tundu la zamani la waya wa stima uliokwisha ondolewa, kwa sababu Mji wa Kale ni eneo la hifadhi na kuta hazipasuliwi ovyo. Kasi ikafika MB 110. Faili za harusi moja, GB 60 hivi, zilizokuwa zikichukua saa moja na nusu, sasa zinakwisha kabla birika halijachemka mara ya pili. Waya, plagi na kazi ya fundi, vyote kwa pamoja, havikufika hata robo ya bei ya kisanduku, na ndivyo vilivyoleta tofauti kubwa kuliko vyote.

Utaniuliza kwa nini nisitumie waifai. Kuta za matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima, zinaimeza 5 GHz, yale masafa ya waifai yenye kasi. Ukivuka chumba kimoja umebaki na 2.4 GHz, ya polepole, na hiyo unagawana na majirani wote wa kichochoro. Kwa simu inatosha. Kwa kuhariri video, hapana.

Stima nayo. Ikikatika na kurudi, kisanduku kilikuwa kikipewa anwani nyingine, na njia za mkato zote zinakufa. Kwenye ruta kuna mahali pa kukiwekea anwani yake ya kudumu. Fanya hivyo mapema. Betri ya UPS pia usiiache, hata ndogo, diski zipate kuzimika kwa taratibu.

Nisichokipenda: kinanguruma. Kikiwa juu ya rafu ya mbao usiku, rafu yote inaimba, mpaka tulipokilaza juu ya kipande cha mkeka wa mpira. Programu yake ya simu ni nzito na inadai ruhusa nyingi. Na diski mbili zinazonakiliana hazikuokoi ukifuta faili mwenyewe, maana zinafutwa zote mbili kwa pamoja. Nakala yangu ya tatu iko kwenye diski ya mkononi, imefungwa kwa nenosiri, kwa khalati Bamburi. Kama mko wawili na mnakaa chumba kimoja, diski ya nje inatosha, weka pesa zako.

La mwisho, kwa wenye kazi kama yangu. Nikimkabidhi mteja video zake, nafuta. Ila kisanduku kina folda ya takataka, moja kwa kila folda ya kushirikiana, na kilichofutwa kinakaa humo miezi. Changu kilikuwa na mabaki ya harusi ambazo wenyewe walishaniandikia niziondoe. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, zimwage zote, kisha upange zijimwage zenyewe kila wiki.