Uzoefu wangu: niliambiwa kompresa imeungua, kumbe ni rilei na ovalodi tu (Mtwara)

Mimi niko Chikongola, nauza barafu za ubuyu na samaki, friza langu la lita 200 ndo duka lenyewe, likizima na mimi nimezima.

Wiki tatu zilizopita umeme ulikata ukarudi kama mara nne ndani ya robo saa, usiku wake nasikia friza linanguruma sekunde chache afu tak, kimya, baada ya dakika kadhaa linanguruma tena, tak. Asubuhi barafu zote maji, vibua kilo 8 nikavikaanga haraka haraka nikauza kwa bei ya kutupa.

Fundi wa kwanza kashika kompresa ya moto, kasema imeungua, andaa 280,000 na gesi juu. Hata mita hakutoa. Jamani nililia.

Jirani akanielekeza kijana mmoja anakaa karibu na soko kuu, nilimwambia aje asubuhi kaja saa kumi jioni, hilo sikulipenda, lakini kazi anaijua. Akachomoa waya ukutani, akafungua kile kikasha cheusi ubavuni mwa kompresa, akatoa rilei, kile kifaa cha kuanzishia mota ya kompresa, akaitikisa, "mama sikiliza", inalia kachakacha. Kuifungua, kile kidude cha duara kama sarafu kimepasuka vipande vitatu, bati lake jeusi na harufu ya plastiki iliyoungua. Akanieleza hicho ndo kinapitisha umeme wa kuanzishia mota, chini ya sekunde moja tu, kikipata moto kinaubana chenyewe, sasa kikifa mota haianzi, inavuta umeme mwingi, ovalodi, yani kile kilinzi cha kompresa, inapata moto inakata ili koili, zile nyaya za ndani ya mota, isiungue, ndo ile tak niliyokuwa naisikia usiku kucha!

Afu akapima pini tatu za kompresa mbili mbili, jozi moja ikasoma omu 14, nyingine 22, na ya tatu 36, akasema 14 na 22 ni 36, koili nzima. Akapima pini na bodi, lile gamba la chuma la kompresa, mita haikusoma kitu, maana yake haijapiga shoti. Yani dakika tano tu kazi imeisha, na yule wa kwanza alitaka laki mbili na themanini zangu!

Spea zote mbili, rilei na ovalodi, 14,000, ufundi 10,000. Nilichompendea zaidi, alienda dukani na zile za zamani mkononi na namba ya kompresa kaandika, muuzaji akampa ovalodi ya kompresa kubwa eti inaingia tu, akaikataa, kwa sababu hiyo ingechelewa kukata na koili ndo ingeungua kweli. Langu halina kapasita, ila kama lako linayo fundi aitoe chaji kwanza ndo aguse, ile inapiga hata ukishachomoa umeme.

Alivyochomeka likawaka mara moja, hakuna tak. Nikanunua na friji gadi, umeme ukirudi inasubiri dakika chache presha ya gesi itulie ndo inaruhusu, maana kompresa ikilazimishwa kuanza na presha juu rilei ndo inayoumia.

Leo siku ya 16, barafu zinashika mpaka katikati. Kibanio cha mfuniko wa kikasha kilivunjika wakati anafungua, kasema ataleta kingine Jumamosi, namsubiri.